Kona ya Nyuma, Kushoto

Zumana Diarra alikuwa na mke mmoja, watoto wanne na Mercedes moja nyeupe, na ukimuuliza habari za nyumbani alianza na Mercedes. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyependa gari, na hapa Segu wanaume wa namna hiyo tunao tele, ila wengi wao gari lenyewe hawana.

Kazi ya Mercedes ilikuwa kubeba maharusi. Kila Jumapili Zumana aliifunga utepe, akaing'arisha matairi, akampakia bibi harusi wa watu kutoka kwao hadi ofisi ya meya, kisha wakauzunguka mji kwa honi mpaka watoto wakachoka kuwakimbilia. Gari lilikuwa na umri wa kuwazidi maharusi wengi. Lakini viti vyake vya ngozi vilikuwa vyake vya kuzaliwa, saa yake ya kuzaliwa, na juu ya yote redio yake ilikuwa ileile iliyotoka nayo kiwandani Ujerumani. Mtu akimshauri aing'oe aweke mpya yenye mataa, Zumana alimkodolea macho kana kwamba kaambiwa amng'oe mama yake meno.

Chini ya redio hiyo kulikuwa na kijiti. Kidogo tu, hakizidi ncha ya kidole, na ndicho kilichokuwa fahari yake. Ukikisukuma mbele, sauti yote huja kwa dereva. Ukikivuta nyuma, sauti huhamia kwa abiria. Ukikipeleka kushoto inakwenda kushoto, ukikipeleka kulia inakwenda kulia. Na ukikibana kwenye pembe, spika moja tu ndiyo huimba na nyingine tatu zikafyata ulimi. Hakuna mgeni aliyewahi kushuka katika gari lile bila kuonyeshwa kijiti, na wengine walionyeshwa mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hawakushangaa vya kutosha.

Lakini kazi hasa ya kijiti haikuwa Jumapili. Ilikuwa Alhamisi.

Mama yake Zumana, Tenin Kone, alikuwa kizee mfupi, mkavu, mwenye ulimi uliowafanya vijana wa mtaa wapite upande wa pili wa barabara. Sikio lake la kulia lilikufa zamani kwa homa, na la kushoto lilikuwa likimfuata mwenziwe taratibu. Watu walizungumza naye kwa kupiga kelele, naye aliwauliza kwa nini wanapiga kelele. Redio ya uani hakuambua kitu kwayo, maana uani kuna mchi, kuna kuku, kuna wajukuu. Ila kila Alhamisi baada ya alasiri, redio ya mji ilikuwa na kipindi cha Jeli Balamini, msimulizi aliyejua wafalme wa Segu mmoja mmoja, na aibu zao, huku kinanda chake cha nyuzi kikilia chini kwa chini. Siku hiyo Zumana alilisogeza gari chini ya banda, akamkalisha mama kiti cha nyuma, kushoto, spika ya ubao wa nyuma ikiwa jirani kabisa na sikio lililo hai. Akawasha redio, akakibana kijiti kwenye pembe ya mama, akafunga milango ili mchi wa mkewe ubaki nje, akaenda zake.

Sauti ikimjia kutoka upande mmoja tu, bila kugongana na nyingine kichwani, Mama Tenin alisikia kila neno. Alitoka mle amerudi ujanani. Usiku aliwasimulia wajukuu upya, akitia chumvi pale Jeli Balamini aliposahau kutia.

Basi mambo yalikuwa hivyo, mazuri, mpaka Zumana alipoingiwa na wivu.

Vijana wenye magari mapya walianza kubeba maharusi kwa muziki uliotingisha vioo vya maduka. Magari yao hayakuwa na heshima wala viti vya ngozi, lakini yakipita, hata mbuzi waligeuka. Siku moja mjomba wa bibi harusi fulani akampigapiga Zumana begani, kwa upole unaoudhi kuliko tusi, akamwambia, "Gari lako zuri, kaka. Ila halitingishi."

Zumana hakulala vizuri. Asubuhi yake alikwenda kwa Siriki Traore.

Siriki alikuwa fundi wa redio za magari, aliyefanyia kazi chini ya ukuta mmoja karibu na stendi, mtu mrefu mwenye kofia ya kufuma ambayo hakuna aliyewahi kuiona imetoka kichwani. Diarra na Traore ni koo za watani, na kwetu watani huitana watumwa na wala maharage. Na Mama Tenin naye kwao ni Kone, na Kone na Diarra kwa utani ni kitu kimoja, kwa hiyo Siriki nyumba ile alikuwa na haki nayo pande zote. Hakuwahi kupita mlangoni pao bila kutukana, na Mama Tenin, pamoja na uziwi wake, hakuwahi kukosa kumsikia yeye.

"Haya, leo mtumwa wangu kaja mwenyewe bila kuburutwa," Siriki alisema alipoiona Mercedes.

"Funga domo, mla maharage. Nimekuletea kazi angalau siku moja ule nyama."

"Nyama ya kwenu naijua. Ni maharage yaliyokaa juani."

Salamu zilipokwisha, Zumana akasema shida yake. Anataka gari litingishe. Anataka amplifaya ya kukuza sauti na spika kubwa ya besi ndani ya buti. Lakini redio ya kiwandani isiguswe, na kijiti kisiguswe. Harusi ni Jumapili.

Siriki akaingiza kichwa chini ya dashibodi, akakitoa. "Sikia, Diarra. Redio yako inatoa sauti kwa njia nne, kila njia na spika yake. Kati ya redio na amplifaya lazima kikae kisanduku cha kuzipatanisha. Kuna cha njia mbili na kuna cha njia nne. Cha njia mbili ninacho hapa. Cha nne mpaka kije na basi kutoka Bamako."

"Na tofauti yake?"

"Tofauti yake, nikikufungia cha njia mbili nitachukua sauti ya mbele tu niigawe gari zima. Hapo kijiti chako kinakuwa pambo. Ukikivuta nyuma, gari lote linakufa sauti. Mama yako atakaa kule kwenye kona yake kama gunia la maharage, hasikii hata chafya ya Balamini."

Zumana akacheka mpaka akajishikiza mlangoni. "Traore! Hata umeme unautia maharage!"

"Nakwambia kweli."

"Siku Traore akisema kweli, ng'ombe watataga."

"Na Diarra watayala hayo mayai na kinyesi chao," Siriki akamalizia, kwa sababu hakuna Traore anayeweza kuliacha neno kama hilo lipite bila kulijibu. Wakacheka wote wawili. Na hapo ndipo sisi watu wa Segu tunapopatikana. Mtani akikuambia nyumba yako inaungua, unacheka kwanza, halafu ndiyo unanusa. Zumana alifuta machozi ya kicheko, akasema, "Funga hicho hicho kilichopo, bwana, Jumapili inakuja." Siriki naye akadhani mwenziwe kasikia, kapima, kaamua. Akafunga.

Ilikuwa kazi safi. Amplifaya ndani ya buti, besi ndani ya sanduku la mbao lenye ukubwa wa tangi la maji, na mbele redio ya zamani imekaa palepale na uso wake mtulivu. Zumana alipouwasha muziki uani, kijiti kikiwa katikati, kuku walikimbilia kwa jirani.

"Baba Awa," mkewe Sitan alimwita kutoka jikoni, "kikombe kimeshuka mezani chenyewe."

"Umeona!" alisema Zumana.

"Sijakusifu. Nakuuliza nani atakilipa."

Siku mbili hizo Zumana alikuwa mtu wa kuonewa huruma. Alikuwa akienda dukani kununua sukari kwa gari, duka lenyewe liko nyumba ya tatu. Kijiti hakukigusa kabisa. Alikiacha katikati ili gari zima litetemeke sawasawa.

Alhamisi ikafika. Alimkalisha mama kiti cha nyuma, kushoto, akawasha redio kwa sauti ya chini aliyoizoea, na kwa mkono uliozoea kazi yake hata bila kuangaliwa, akakibana kijiti kwenye pembe ya mama. Papo hapo mtu akamwita barabarani aje amwonyeshe hiyo besi inayosemwa na mji mzima. Zumana akafunga mlango, akaenda kuieleza besi yake kwa mikono miwili.

Ndani ya gari hakukuwa na sauti hata ya mbu.

Mama Tenin alikaa mle saa nzima. Alipotoka, alishika mlango kidogo kabla ya kusimama wima. Zumana aliyekuwa akirudi kwa furaha akamwinamia sikioni. "Mama! Leo kasimulia nini?"

Kizee akamtazama. Akakohoa.

"Kasimulia habari ya mfalme mmoja, wa kwenu huko, Diarra. Alipotelewa na ngoma ya vita. Akatangaza, mwenye kuiona atapewa ng'ombe. Watu wakachimba mpaka misingi ya nyumba. Kumbe mkewe mkubwa kaichukua anaatamishia kuku. Siku moja adui wakaja. Ngoma ikaonekana, ikapelekwa mbele ya jeshi, ikapigwa, vifaranga wakamwagika wote. Adui wakacheka mpaka mikuki ikawaanguka, wakarudi kwao."

Zumana alicheka akaketi chini. "Hii sijawahi kuisikia!"

"Hata mimi," alisema Mama Tenin, akaingia ndani.

Kesho yake Zumana aliipeleka hadithi ile kwa Siriki ikiwa bado ya moto. Siriki alisikiliza mpaka mwisho, akakuna kofia.

"Jana? Jana Balamini hakusimulia kitu. Koo lilimuuma, kapiga kinanda tu kipindi kizima."

"Mwongo."

"Wallahi."

"Traore na wallahi wapi na wapi! Sema tu wivu, kwa sababu nyie hamkuwa na ngoma, mlikuwa mnapiga sufuria za maharage."

"Haya, bwana. Vifaranga na waishi."

Zumana alikuwa amezima redio na kukirudisha kijiti katikati kwa mazoea, na harusi ya Jumapili ile ikatingishwa bila hitilafu. Alhamisi iliyofuata Mama Tenin alisema magoti yanauma, hataki kupanda gari. Zumana hakulitilia maanani. Kizee akaketi kizingitini ameelekea ukuta, na wajukuu walipomjia kwa hadithi aliwajibu "eeh" kabla hawajamaliza kuuliza. Siriki alipita jioni akapaza sauti getini kwamba leo Kone wamelala mapema kwa sababu mtama umewaishia. Hakujibiwa. Akarudia. Hakujibiwa. Akaondoka akigeuka nyuma.

"Baba Awa, mama ana jambo," Sitan alisema. "Hajanitukana tangu juzi. Mchuzi umeungua leo, kaula kimya. Mimi naogopa."

"Uzee huo," alisema Zumana, na akatoka kwenda kuosha matairi. Ningeweza kumtetea, lakini sina la kumtetea nalo.

Jumapili kulikuwa na harusi kubwa, ya watu wenye shangazi wengi. Mercedes ilifika mbele ya ofisi ya meya ikitetemesha kioo cha kila aliyekuwa na kioo, na Zumana nyuma ya usukani hakuwa akigusa kiti kwa raha. Bibi harusi na shangazi yake walikuwa nyuma. Umati ulilizunguka gari, simu juu.

"Baba," bibi harusi akamwinamia, "hatuwezi kuupata muziki huku nyuma zaidi? Shangazi anataka kucheza akiwa amekaa."

Hiyo ndiyo siku ambayo Zumana alikuwa ameisubiri maishani. "Mwanangu, gari hili," alisema, akiinua kidole ili wote waone, "lina kijiti." Akakivuta nyuma.

Gari likafa.

Akakirudisha mbele, likanguruma. Akakivuta nyuma, kimya. Mbele, ngurumo. Nyuma, kimya. Umati ukadhani ni mchezo, ukapiga makofi. Kisha ukaelewa si mchezo, na mwanamke mmoja mnene wa ukoo wa majeli, waimbaji wa sifa, aliyekuja kuwaimbia maharusi, akaona riziki imejileta. Akaweka mkono sikioni, akaimba kwa sauti ambayo haikuhitaji amplifaya: "Diarra, mwana wa wafalme! Njooni mwone gari lake, limefunga saumu mchana wa harusi!" Watu wakaanguka kwa kicheko. Hata meya alichungulia dirishani.

Siku nyingine Zumana angekufa kwa aibu. Siku hiyo hakuwa na nafasi ya aibu. Kidole kilikuwa bado kiko juu ya kijiti, na kijiti kiko nyuma, na gari liko kimya, na ghafla akajiona mwenyewe Alhamisi ile, anakibana kijiti hiki hiki kwenye pembe, anafunga mlango, anaondoka. Akamwona mama alivyoshika mlango kabla ya kusimama. Akasikia "hata mimi" yake. Akajichukia pale pale, mbele ya maharusi wa watu.

Harusi ilipokwisha alimfikisha bibi harusi nyumbani maana kazi ni kazi. Kisha akaendesha na utepe wake mpaka ukutani kwa Siriki.

"Umenifanya nini, Traore!"

Siriki alimwona na utepe, akamwona na uso, akaelewa nusu. "Umevuta kijiti."

"Nimevuta kijiti!"

"Nilikwambia."

"Uliniambia na maharage ndani!"

"Kila ninachokwambia kina maharage ndani! Tangu babu zetu! Nikuambie vipi, nikuandikie ukutani? Nilisema ukikivuta nyuma gari linakufa, nilisema na mama yako, nilimtaja kabisa!"

"Ndiyo maana nikacheka!" Zumana alipiga kelele. Akaketi juu ya tairi lililochakaa. "Alikaa mle saa nzima, Siriki. Mimi niko nje nasifia besi. Anadhani sikio limekufa. Akanitungia hadithi ili nisijue."

Siriki alisimama na bisibisi mkononi. "Ile ya vifaranga?"

"Ile ya vifaranga."

Mzaha mzaha hutumbua usaha, na usaha ulikuwa umetumbuka. Kisha Siriki akafanya jambo ambalo halikuwahi kuonekana stendi pale. Akaivua kofia. Chini yake kulikuwa na kipara cheupe kisichojua jua, kama cha mtoto aliyezaliwa asubuhi. "Kosa lako na kosa langu," alisema. "Nilijua hukusikia, nikacheka na wewe kwa sababu kucheka na wewe ni kutamu. Tangu leo, nikiivua hii, ujue sitanii. Kisanduku cha njia nne nakiagiza sasa hivi." Akaivaa tena haraka, maana wauza machungwa walishaanza kusogea.

Jioni ile Zumana alimkuta mama kizingitini. Akapiga magoti upande wa kushoto. "Mama! Ni redio! Si sikio! Siriki alifunga vibaya, mimi ndiye niliyemharakisha!"

"Nani kasema sikio?" alisema Mama Tenin kwa ukali.

"Mama."

Kizee akatazama ukuta wake. Aliposema, alisema kwa sauti ya chini, yeye ambaye hajawahi kusema kwa sauti ya chini. "Nilingoja. Nikasema atakuja, Balamini huchelewa. Nikapiga makofi karibu na sikio nikasikia kidogo. Nikasema basi, makelele nimeachiwa, maneno yamechukuliwa. Niliogopa, Zumana. Hata siku ya kumzika baba yako sikuogopa vile."

Zumana alilia bila kujificha. "Siriki anaitengeneza, Mama. Alhamisi utakaa tena."

"Sikai."

"Kwa nini?"

"Kama ni redio, alhamdulillahi. Lakini nikikaa mle tena nisisikie, itakuwa ni mimi. Niache na shaka yangu. Shaka naiweza."

Hakuna aliyemtoa hapo. Sitan alijaribu, wajukuu walijaribu, imamu aliyepita kusalimu naye alijaribu akaambiwa akaangalie msikiti wake. Kisanduku kikaja na basi, Siriki akakifunga, kila njia na spika yake, akakijaribu kijiti pembe zote nne mpaka kidole kikamuuma. Alhamisi ikafika. Alasiri ikaswaliwa. Gari liko chini ya banda, mlango wa nyuma kushoto uko wazi, na Mama Tenin yuko chumbani, mlango umeegeshwa.

Hapo ndipo Siriki Traore aliposimama mbele ya chumba kile, akasafisha koo.

"Nimekuja kumchukua mtumwa wangu!" alinguruma. "Kone mmoja, mkongwe, meno hana! Kajificha! Babu yangu alinipa wosia, akasema Kone wote ni waoga, wanaogopa hata kiti!"

Kimya.

"Naam! Kiti cha ngozi! Kimemshinda!"

Kimya. Siriki akageuka akamwangalia Zumana, kisha akajilaza chini, mwili mzima, akakiziba kizingiti cha kizee kwa urefu wake wote, kwa nguo zake za kazi. Na hilo si jambo dogo kwetu. Mtani akilala mlangoni pako ana ombi, na ombi la mtani aliyelala chini halikataliwi. Unaweza kulitukana, lakini unalitimiza.

"Sitoki hapa," alisema Siriki kutoka vumbini. "Mnipikie hapa hapa. Maharage."

Mlango ukafunguka. Mama Tenin akasimama juu yake na fimbo yake, akamtazama kutoka kofia hadi kandambili. "Mchafu wewe," alisema. "Umelala juu ya kizingiti changu." Akamchapa mguuni, si sana. Akamruka. Akaenda kwenye gari bila kumtazama mtu.

Alikaa kwenye kona yake. Zumana akaingia mbele, akawasha redio, akakishika kijiti. Aliogopa kijiti kile kuliko alivyowahi kuogopa kitu. Akakibana polepole kwenye pembe ya mama. Mbele pakanyamaza, kulia pakanyamaza, na nyuma kushoto sauti ya Jeli Balamini ikabaki peke yake, nyembamba, safi, ikisimulia jinsi jeshi la Segu lilivyofika mtoni usiku na jinsi shujaa mmoja wa ukoo wa Traore alivyojitosa majini kabla ya wenzake wote.

Redio basi ilikuwa inafanya kazi. Kilichobaki kilikuwa ni sikio.

Zumana alimtazama mama kwenye kioo cha dereva. Siriki alikuwa mlangoni, Sitan nyuma yake na mwiko mkononi, watoto wamejibana kwenye dirisha la pili. Uso wa Mama Tenin ulikuwa umefungwa. Macho yameelekea mbele, midomo imebanwa. Shujaa alivuka mto. Kinanda kikalia. Shujaa akawavuta wenzake ng'ambo mmoja mmoja. Uso haukusogea. Zumana akahisi machozi yanapanda, akaanza kutafuta maneno ya kumwambia.

"Mwongo!" alisema Mama Tenin.

Wote wakashtuka. "Nani, Mama?" aliuliza Zumana.

"Balamini! Kalipwa huyo. Eti Traore ndiye aliyevuka wa kwanza! Traore gani? Hao hawavuki mto mpaka wasikie harufu ya maharage ng'ambo!"

Sitan akapiga kigelegele, mwiko juu. Zumana aliangusha kichwa juu ya usukani, akagonga honi kwa paji la uso, na honi ikalia mfululizo kwa sababu alikuwa analia naye na hakukumbuka kunyanyuka.

"Mnapigia nani kelele?" aliuliza mama yake.

Siriki alikuwa bado mlangoni, vumbi nguo nzima. Akainua mkono polepole, akaivua kofia, mbele ya watoto na majirani wote waliokuja kuangalia honi. "Mama Tenin," alisema, na hapakuwa na maharage mahali popote katika sauti yake, "nisamehe."

Kizee akakitazama kipara kile kwa muda. Akainua fimbo, akaigusisha juu yake taratibu, kama anayejaribu tikiti kama limeiva.

"Vaa kofia yako, mtumwa wangu," alisema. "Kipara chako kinanizuia kusikia."

Kisha akamgonga Zumana begani kwa fimbo ileile ashuke. Zumana akashuka, akafunga mlango. Akaufungua tena, akaingiza kichwa kuangalia kama kijiti kipo kwenye pembe. Kipo. Akafunga. Akaufungua tena.

"Zumana!" alipiga kelele Mama Tenin. "Wanafika ng'ambo! Funga!"